Tusiruke Ayubu Sura ya Tatu

Ukihudhuria misiba ya Kikristo huku kwetu, kuna mstari utausikia kabla jeneza halijashushwa: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe." Mchungaji akiusahau, msoma ratiba atausema. Naye akiusahau, umeshachapwa kwenye karatasi, chini ya picha ya marehemu. Ni Ayubu 1:21. Atakayefuata ni mjomba au balozi wa nyumba kumi, atashika maiki na kuongeza kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na watu wataitikia amina huku wakitafuta kivuli chini ya turubai.

Maneno hayo ni ya kweli na Ayubu aliyasema kwa moyo wake wote. Ila aliyasema sura ya kwanza, alipopoteza mali na watoto, na kitabu kina sura 42. Sura ya pili anapigwa majipu mabaya tangu wayo wa mguu hata utosi, bado anavumilia. Rafiki zake watatu wanafika, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanakaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Halafu sura ya tatu Ayubu anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo ni ugomvi. Anamwita Mungu mahakamani, analalamika kwamba akienda mbele hamkuti na akirudi nyuma hamwoni, anauliza kwa nini mtu apewe uhai kisha afichwe njia. Mungu hasemi kitu mpaka sura ya 38.

Hizo sura za katikati sijawahi kuzisikia zikisomwa msibani. Tunasoma mwanzo, tunarukia mwisho pale anaporudishiwa kondoo na ngamia maradufu, na mtu anayeishi katikati tunamwacha bila andiko.

Mdogo wangu aliishi katikati. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mageti ya nusu ya mtaa wetu aliyatengeneza yeye, na presha ambayo hakuijua ilikuwa inamla figo polepole. Walipogundua, zilikuwa zimeshachoka. Akaanza kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, saa nne kwa kila kikao, amekaa kwenye kiti cha kuegemea huku mirija miwili ya damu ikitoka mkononi mwake kwenda kwenye mashine na kurudi. Mgonjwa wa figo hanywi maji anavyotaka, kwa sababu maji hayana pa kutokea. Yanabaki mwilini, yanavimbisha miguu, yanapanda kwenye mapafu. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akirudi kazini na kugida jagi zima alikuwa anapewa kipande cha barafu. Anakiweka kwenye shavu, hakitafuni, anakiacha kiyeyuke chenyewe. Nilikuwa nikimwangalia na mimi koo langu linakauka.

Zile mashine zina tabia ya kupiga kengele. Mrija ukikunjika, presha ikishuka, inalia, na nesi anakuja. Siku moja ilipolia na kunyamazishwa, akaniambia, "Dada, mashine ikilia nesi anakuja. Mimi nikilia je?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeulizia nauli.

Sikumjibu. Wengine walimjibu, na walikuwa wengi. Mmoja alileta mafuta ya upako. Mwingine alisema kuna mlango umefunguka kwenye ukoo, tukafanye maombi ya kuvunja laana ya babu. Mwingine akamshauri atoe sadaka ya kujimaliza, yaani auze mashine ya kuchomelea, chombo pekee kilichokuwa kinamlisha, ili Mungu aguswe. Wote walikuwa watu wanaompenda, na hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu. Ukitazama kwa makini, jibu lao lilikuwa moja: Mungu hanyamazi bure, ukiona kimya ujue kuna kitu umekosea, na kikitengenezwa atasema.

Jibu hilo lina andiko lake, nisiwaonee. Isaya 59 inasema wazi kwamba maovu yanaweza kumfarikisha mtu na Mungu wake, na dhambi zikauficha uso wake. Mtu anayemdhulumu mjane kiwanja chake halafu analalamika kwamba maombi hayapenyi, huyo asome Isaya 59 na arudishe kiwanja. Lakini Biblia hiyohiyo ina Zaburi ya 44, ambapo watu wanamwambia Mungu usoni kwamba yote haya yametupata na hatukukusahau, wala agano lako hatukulivunja, kisha wanamwambia aamke, mbona amelala. Hawaombi msamaha. Wanadai. Na zaburi hiyo ikaingizwa kwenye kitabu cha nyimbo za ibada, ikaimbwa hekaluni. Marafiki wa Ayubu nao walikuwa na andiko, teolojia yao ilikuwa safi kabisa, na mwisho Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Aliyelaani siku yake ya kuzaliwa ndiye aliyenena sawa. Waliomtetea Mungu wakaambiwa wachukue ng'ombe saba na kondoo waume saba, wamwendee Ayubu, awaombee yeye.

Huwa najiuliza kwa nini hatujengi mafundisho kwenye mstari huo. Labda kwa sababu ungetupokonya kazi yetu kubwa ya kuwaeleza wagonjwa kwa nini wanaumwa.

Kanisani kwetu kuna kipindi cha ushuhuda kabla ya mahubiri. Mzee wa kanisa anashika maiki, anasema, "Bwana Yesu asifiwe. Dakika mbili mbili wapendwa, na ushuhuda uwe umekamilika." Watu wanasimama: nimepata kazi, nimepata mtoto baada ya miaka mingi, gari lilipinduka sikupata hata mchubuko. Mimi nazipenda shuhuda, na nyingine nimezishuhudia kwa macho. Jumapili moja mdogo wangu, aliyekuwa anakaa benchi la nyuma karibu na mlango kwa sababu ya miguu, akanyoosha mkono. Mzee akamfuata, akamwinamia, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Umeshapona?" Akasema bado. "Basi tusubiri ukamilike, baba." Akahamia kwa mwingine. Hakuwa mtu mbaya, yule mzee. Alikuwa analinda muda wa ibada. Ila tangu siku hiyo sisikii kipindi kile kama nilivyokuwa nakisikia.

Haukukamilika. Alifariki msimu wa mvua za masika, mapafu yalijaa maji usiku. Tulipoandaa ratiba niliomba lisomwe pia andiko lingine, Zaburi ya 88, na mchungaji akakubali baada ya kuisoma yote mara mbili akitafuta, nadhani, mahali inapogeuka. Haigeuki. Zaburi nyingi za kilio zinaanza gizani na kuishia kwenye sifa. Ya 13 inaanza na "hata lini utanisahau" na mistari michache baadaye mtu anaimba. Ya 88 inalia tangu mwanzo, inauliza mbona waitupa nafsi yangu, na neno lake la mwisho ni giza. Hakuna "lakini". Kulikuwa na minong'ono nyumbani baadaye. Shangazi mmoja alisema tumemsindikiza marehemu kwa maneno ya kukata tamaa. Nikamwambia, shikamoo zangu zote, shangazi, lakini huyo aliyeandika anaita "Ee Bwana" tangu mstari wa kwanza na anasema anaomba mchana na usiku. Aliyekata tamaa hapigi simu usiku kucha.

Kama kuna familia katika Biblia iliyojua kimya hiki, ni ile ya Bethania. Mariamu na Martha wanatuma ujumbe kwamba umpendaye hawezi, yaani ndugu yao Lazaro ni mgonjwa, na Yesu, baada ya kuupata, anakaa palepale alipokuwa siku mbili. Yohana anaandika hivyo bila kuona aibu, tena mara tu baada ya kusema kwamba Yesu aliwapenda. Anafika Lazaro ana siku nne kaburini. Sasa angalia. Martha anatoka kumlaki njiani, anasema, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Baadaye Mariamu naye anakuja, bila dada yake, anaanguka miguuni pake, anasema sentensi ileile. Hawakuwa pamoja. Mtu aliyewahi kulala matanga anaelewa mara moja imetoka wapi: ndiyo iliyokuwa inasemwa mle ndani siku zote nne, jikoni, usiku, kwa kila mgeni aliyefika kutoka Yerusalemu. Angekuwapo. Angekuwapo. Na Yesu hakumkemea hata mmoja kati yao kwa imani ndogo. Kwa Martha alisema habari za ufufuo. Kwa Mariamu hakutoa fundisho lolote, aliuliza wamemweka wapi, akalia machozi. Alikuwa anajua dakika chache zijazo atamfufua, na bado alilia. Wahubiri hupita hapo haraka kwa sababu jiwe linangoja kuondolewa.

Mimi ni Mlutheri, na kwetu Luther anatajwa zaidi mwezi wa Oktoba, kwa misumari na mlango wa kanisa la Wittenberg, anakosimuliwa kupigilia hoja zake. Hatuambiwi sana kuhusu Heidelberg, Aprili 1518, alipowatofautisha wanateolojia wa aina mbili: wanaomtafuta Mungu kwenye utukufu, katika mambo makubwa na yanayong'aa, na wanaomkubali pale alipojionyesha, yaani katika mateso na msalaba. Andiko mojawapo aliloliegemea ni Isaya 45:15, "Hakika wewe u Mungu ujifichaye." Nafikiri angekuja leo kwenye mabango yetu ya mikutano ya injili, yale yenye picha ya mtumishi na mkewe wamevaa sare, angejua mara moja ametua kwa wanateolojia wa aina ipi.

Na huyo Luther si mtu aliyezungumza haya akiwa na tumbo limeshiba. Mwaka 1527 alipitia kipindi cha giza na hofu kali, mwili na roho. Septemba 1542 binti yake Magdalena alikufa, ana miaka 13. Baada ya hapo alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kumshukuru Mungu kwa jinsi mtoto alivyoondoka kwa imani, lakini hawawezi bila kilio, moyo unakataa. Ndiye mtu aliyetafsiri Ayubu 1:21 kwa lugha ya watu wake, na ilipofika zamu yake akasema shukrani haitoki bila machozi. Karatasi zetu za ratiba zingekuwa na ubinadamu zaidi zikikumbuka hilo.

Kwa Wakatoliki kuna habari ya Mama Teresa, iliyowashtua wengi mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, barua zake kwa waungamishi wake zilipochapishwa. Mwaka 1946, akiwa kwenye treni kwenda Darjeeling, aliusikia wito wa kuwatumikia maskini kabisa, na kwa muda alimwona Kristo karibu mno. Kisha, karibu na wakati alipoanza kazi yenyewe mitaani Calcutta, ukaribu ule ukaondoka, na isipokuwa kipindi kifupi mwaka 1958, haukurudi mpaka alipofariki 1997. Karibu miaka 50. Alipopokea Nobel mwaka 1979, alikuwa gizani. Kuna waliosema basi alikuwa mnafiki. Mimi naona kinyume: kumpaka dawa mtu mwenye vidonda wakati moyo wako umejaa furaha ya mbinguni si kazi kubwa sana. Alipata nafuu fulani pale padre mmoja, Joseph Neuner, alipomsaidia mwaka 1961 kuona kwamba lile giza lenyewe ni sehemu ya kazi, ni kushiriki ukiwa wa Yesu na wa maskini anaowahudumia. Giza halikuondoka. Aliacha tu kulihesabu kama dalili ya kukataliwa.

Hapa niseme jambo la pembeni, kwa sababu nimeona watu wakiumia. Si kila giza ni la kiroho. Yohane wa Msalaba, yule Mkarmeli wa Hispania aliyefungwa na ndugu zake wa shirika huko Toledo kuanzia Desemba 1577 hadi alipotoroka Agosti 1578, ndiye mwalimu mkubwa wa mambo ya usiku wa roho, yaani majira ambayo mtu anamtafuta Mungu asimhisi, na yeye mwenyewe alionya kwamba kuna ukavu unaotokana na ugonjwa wa huzuni, akatoa dalili za kuutofautisha. Karne ya 16! Kwa hiyo kama hulali, huli, hutaki kuamka, na hata mpira unaoupenda hauna ladha, nenda ukamwone daktari, na mchungaji atakayekuambia daktari ni ukosefu wa imani mkimbie.

Kuna kimya ambacho maelezo yote haya hayakitoshi. Nilifika Nyamata, Rwanda, na wenzangu wa kwaya. Kanisa la huko sasa ni kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Aprili 1994 maelfu ya Watutsi walikimbilia humo kwa sababu katika machafuko ya miaka iliyotangulia makanisa yalikuwa yamewaokoa, na safari hii milango ilivunjwa. Nguo zao zimerundikwa kwenye mabenchi, rundo juu ya rundo, zimekuwa na rangi moja ya udongo. Ukikaribia ndipo unaona kwamba hiki kilikuwa kigauni cha mtoto. Wanyarwanda wana methali ya zamani kwamba Mungu hushinda kwingine mchana kutwa, lakini usiku hurudi kulala Rwanda. Mwenyeji wetu aliitaja tukiwa nje, hakuifafanua, na hakuna hata mmoja wetu aliyeomba aifafanue. Mmoja wa kundi letu alisema kwenye basi kwamba tusiulize Mungu alikuwa wapi, tuulize binadamu walikuwa wapi, tena wabatizwa. Ni swali la haki, na kanisa linapaswa kulijibu kwa magoti. Lakini nimeona jinsi linavyotumika kumnyang'anya aliyeachwa swali lake la kwanza. Mwandishi wa Zaburi hakuzuiwa kuuliza la kwanza.

Ninachoshikilia, baada ya yote, ni jambo nililoliona katika Marko. Injili hiyo ina mahali pawili ambapo sauti ya mbinguni inasema. Mtoni Yordani, Yesu anapobatizwa: wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu. Na juu ya mlima, anapogeuka sura: huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu. Msomaji anaingia Golgotha akiisubiri ya tatu. Giza linakaa juu ya nchi yote tangu saa sita hata saa tisa, na sauti inayosikika ni ya kwake mwenyewe: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Mbingu hazijibu. Waliosimama pale wanadhani anamwita Eliya, mmoja anakimbia na sifongo ya siki, anasema acheni tuone kama Eliya anakuja kumtelemsha. Wanataka ushuhuda uliokamilika. Eliya haji. Yesu anakata roho.

Halafu sauti inakuja, ila haitoki juu. Akida wa Kirumi, msimamizi wa mauaji yenyewe, akiwa amesimama kumwelekea na kuona jinsi alivyokufa, anasema hakika mtu huyu alikuwa Mwana wa Mungu. Maneno ambayo mbingu ziliyasema mara mbili, mara ya tatu yanatoka kinywani mwa askari. Wala hakuona muujiza wowote wa kumshusha. Aliona mtu anakufa akiuliza swali lisilojibiwa.

Mkristo anayesema "Mungu hayupo hapa" hasemi kitu ambacho Mungu hajawahi kukisema. Sijui dini nyingine inayothubutu kusema hivyo. Na ndiyo maana sikubali tena kwamba mdogo wangu, kwenye kile kiti na barafu yake shavuni, alikuwa mbali na Kristo kuliko wale waliokuwa na maiki. Sina uthibitisho wa kukupa. Pasaka nasema amefufuka kweli kweli kwa sauti yote niliyonayo, na naamini, lakini yeye aliyefufuka ana alama za misumari, na wale wanafunzi wawili waliokuwa njiani kwenda Emau walitembea naye bila kumtambua, wakimsimulia kifo chake mwenyewe. "Tulikuwa tukitumaini," wakamwambia. Kabla ya kuwafundisha lolote aliwauliza, "Mambo gani?", akawaacha waseme yote mpaka mwisho, na maneno yao ya mwisho yalikuwa kwamba yeye hawakumwona.

Nimeomba kanisani kwetu kwamba mara moja kwa mwezi kipindi cha ushuhuda kiwe cha wale ambao bado. Wasimame, waseme wanachosubiri, tusome zaburi moja ya kilio, tukae. Bila kumwekea mtu mikono kama hajaomba. Mchungaji hana tatizo, amesema niandike ombi rasmi kwa baraza la wazee, nimeandika ukurasa mmoja. Katibu ananiambia litajadiliwa baada ya sikukuu ya mavuno, kwa kuwa sasa hivi kuna ajenda ya bati za paa, na kwamba yule mzee wa maiki ameshauliza kama hao ambao bado nao watapewa dakika mbili mbili au zaidi.